Kamba Wenye Ndevu Zote Mbili

Jumatatu, 4 Novemba

Kamati ya ufuo imenipa daftari la hesabu za kamba-mawe wa mwambani, nilirudishe Februari. Hili la pili nimelinunua mwenyewe dukani, la kutolea ya moyoni, maana nina mdomo mbaya na mama amechoka kunisikiliza.

Basi na liandikwe. Mimi ni Warda binti Boga, wa Mwabungo. Kazi yangu ni kuwashusha wageni chini ya maji kule Diani, wakaone samaki na kupiga picha. Miaka mitatu iliyopita mimi ndiye niliyepita nyumba hadi nyumba nikiwaomba watu tuufunge mwamba wetu, tuuzungushie maboya, kamba wapumzike wazaane. Wanaume walipiga kelele kidogo wakanyamaza. Waliopoteza hasa ni wanawake wa pweza, wanaotembea mwambani maji yakitoka, na mkubwa wao ni Bi Mwanapili. Alinishika mkono akaniambia, "Nakupa mwamba wangu, Warda. Usinipotezee."

Tarehe kumi na tano Februari, siku ya bamvua, maji yanapotoka mbali kabisa, utafunguliwa kwa siku moja. Watu wataona kilichozaliwa mle, kisha waamue kama tunafunga tena. Wakikuta kamba watafunga. Wasipokuta, nitatembea na uso wangu chini maisha yangu yote.

Leo nimeshuka kuhesabu na Swabir, mjaza mitungi wa kazini kwetu. Hakuna anayeruhusiwa kushuka na mtungi wa hewa pale ila sisi wawili. Tunamtoa kamba shimoni kwa mkono, tunampima, tunamchanja chale ndogo kwenye upepeo wa mkia, upande wa kushoto, tusije tukamhesabu mara mbili, kisha tunamrudisha kwake. Shimo kubwa peke yake lina kamba arobaini na mmoja. Nimecheka chini ya maji mpaka miwani ikaingia maji.

Ijumaa, 8 Novemba

Wali wa nazi na changu wa kupaka. Nimempelekea Swabir sahani yake.

Niandike na hili, maana mtu mwingine akisoma atadhani Swabir ni mchumba wangu, astaghfirullah. Swabir ni ndugu yangu. Mama yake alifariki siku ya saba ya uzazi, na mama yangu alikuwa ana mimi kifuani, akamchukua. Ziwa la kulia langu, la kushoto lake. Anaingia kwetu bila hodi, na mama hajifuniki kichwa akimwona. Kila Ijumaa ya Mungu, mama humpakulia sahani, akaifunika kwa kawa, nami ndiye mpelekaji.

Sahani imerudi na ndimu nne. Huku kwetu sahani hairudi tupu. Hata Kadzo, mke wa jirani yetu Nzai, ukimpa sahani ya mbaazi atairudisha na vipande vya muhogo.

Jumatano, 20 Novemba

Shimo kubwa: thelathini na wanane. Sawa tu, kamba hutembea.

Nimemsifu Swabir leo. Nilipoanza kumfundisha alikuwa anamrukia kamba kama mtoto anayekimbiza kuku. Nikamwambia, ukimshika ndevu atakuachia ndevu mkononi na yeye atakwenda zake. Una hewa mgongoni, haraka ya nini? Mkono mmoja unautembeza mbele yake, akuangalie. Mwingine unakuja taratibu kwa juu, unamshika mgongoni, pale nyuma ya pembe, kwa nguvu mara moja. Hapo hakatiki kitu. Sasa anawatoa wazima wote, ndevu mbili mbili. Amekuwa hodari kuliko mimi, na najivuna naye.

Nzai yeye havui kwa mtungi. Anavuta pumzi moja, anashuka na pweza aliyefungwa kwenye kijiti, anamchomeka kwa upande mmoja wa shimo. Kamba akimwona pweza anatoka mbio upande wa pili, na Nzai anakamata kinachokamatika kabla pumzi haijamwisha. Ndoo yake ukiichungulia ni kamba wa ndevu moja moja, na wengine hawana kabisa. Mercy, mpangaji wetu kutoka bara, anayepika kwenye hoteli moja huku Diani, humtania: "Nzai, hao wako wanakaa ni kama wametoka vita. Chef anataka wenye ndevu zote, coz ndio zinakaa poa kwa sahani ya mgeni." Nzai hucheka tu.

Ijumaa, 22 Novemba

Sahani. Imerudi na sukari kilo.

Jumanne, 3 Desemba

Shimo kubwa: thelathini na mmoja.

Ijumaa, 6 Desemba

Sahani. Imerudi na kopo la samli. Mama amefurahi, akasema, "Mwanangu Swabir mkono wake umefunguka." Nami nikafurahi.

Jumatano, 18 Desemba

Ishirini na wawili.

Nimerudia kuhesabu mara mbili, mpaka hewa ikawa inakaribia kwisha na Swabir ananionyesha kidole juu, twende. Ishirini na wawili! Mashimo madogo nayo yamepungua. Mwizi yumo mwambani kwetu. Nimepanda mashuani nikatukana mpaka Swabir akaniziba mdomo.

"Nani?" nikamwuliza. "Nani anayeweza kushuka mbali vile?"

"Mimi sitaki kumsingizia mtu," akasema. Akawa anakunja mpira wa mtungi wake polepole. "Unamjua mwenyewe mwenye pumzi ndefu hapa."

Sikuwa na haja ya kuambiwa zaidi. Tukirudi, nikamwona Nzai na boya lake la kuvulia, hata si mbali na maboya yetu. Nikapaza sauti. "Nzai! Unatafuta nini huku?"

"Riziki," akasema. "Na niko nje, Warda. Hebu tazama kamba ya maboya ilipo na mimi nilipo."

"Leo uko nje. Na jana?"

Akavua miwani. "Umeamka vibaya leo," akasema, akazama tena.

Jeuri hiyo imenichoma. Mtu asiye na hatia angekasirika, sivyo?

Ijumaa, 20 Desemba

Kikao cha kamati. Mwenyekiti wetu, Mzee Abdulrahman, akaniuliza kama nina hakika. Nikasema ninayo. Akaniuliza kama niko tayari kuapa. Nikaapa, wallahi, mbele ya watu kumi na wanne, kwamba hakuna mwingine mwenye uwezo wa kufika shimo lile ila Nzai. Swabir akaulizwa, akasema amemwona karibu na maboya mara mbili. Alisema kwa upole sana, kama mtu anayemhurumia.

Tukaenda kwa Nzai sote. Ndoo yake ilikuwa mlangoni. Akanyang'anywa miwani na mapezi na kijiti chake, asivue mpaka msimu wa kaskazi uishe. Hakubishana. Kadzo ndiye aliyenitokea mpaka puani. "Warda, mume wangu ana umri gani baharini hapa? Umewahi kusikia amechukua hata dagaa wa mtu?"

Nikamwambia, "Dada, mimi nina hesabu."

Nimerudi nimechelewa kupeleka sahani, wali umepoa. Swabir amekula hivyo hivyo, akanipigapiga begani.

Jumatano, 1 Januari

Wageni tu leo. Mmoja ametapika ndani ya kidude cha kupumulia. Sina la kuandika.

Ijumaa, 3 Januari

Sahani imerudi na halwa, kubwa, ile ya sherehe. Mama ameigawa mtaa mzima isipokuwa kwa kina Nzai.

Alhamisi, 9 Januari

Kumi na saba. Nzai hajagusa maji tangu Desemba, kila mtu anamwona barazani kwake akiwasukia watu madema ya kutegea samaki. Kumi na saba! Mwamba wenyewe una mdomo au nini?

Swabir anasema ni pweza. Tangu wanawake waache kuvua, pweza wamejaa, na pweza anakula kamba. Nimeliandika hilo kwenye daftari la kamati, kwa wino wa buluu: pweza. Baada ya kuliandika nimelala usingizi mzuri.

Ijumaa, 10 Januari

Sahani. Imerudi na leso doti nzima, mpya. Mama amelia. Mimi nikamtania Swabir kwamba ameokota dafina. Akasema wageni wa Krismasi walikuwa wakarimu. Wageni hao hao niliwashusha mimi, na mimi walinipa kofia.

Jumatatu, 20 Januari

Bi Mwanapili amepita kazini kwangu kwa miguu kutoka Mwabungo, na jua lile. Nikampa shikamoo, akaitika marahaba, akakaa kwenye kivuli cha mitungi.

"Wenzangu wanasema mwamba umekwisha," akasema. "Mimi nimewaambia Warda anahesabu kwa mkono wake, angeniambia."

Nikamwambia wapo kidogo, wengine wamehama, kuna suala la pweza.

"Pweza?" akasema. "Mimi nimevua pweza miaka arobaini, mwanangu. Pweza akila kamba huacha magamba mlangoni kwake, yamerundikana kama taka za jikoni. Umeyaona magamba?"

Sijayaona. Sijayaona hata moja. Nikamwambia nitaangalia.

Jumanne, 21 Januari

Nimeangalia. Hakuna magamba. Kumi na wawili.

Ijumaa, 24 Januari

Sahani.

Ijumaa, 31 Januari

Sahani. Sikumbuki imerudi na nini.

Alhamisi, 6 Februari

Nitaandika yote, kwa mpangilio.

Mercy amenipigia simu saa nne asubuhi. "Warda, hebu kuja hapa jikoni, si utani. Kuna kitu nimeona kwa hawa kamba na sijui kama ni ile yenu ulikuwa unaniambia." Nikachukua bodaboda, nikaingia kwa mlango wa nyuma.

Walikuwa kumi na mmoja kwenye beseni la barafu. Nikamgeuza wa kwanza. Chale, upande wa kushoto. Nikamgeuza wa pili. Chale. Naijua chale yangu kama ninavyoijua sahihi yangu, huwa naikata kwa kisu cha mkunjo, inapinda kidogo ndani. Saba wana chale yangu. Mmoja alikuwa jike, na tumbo lake limekwanguliwa kwa brashi, bado vijiyai vichache vyekundu vimenasa pembeni. Nilimpima jike huyu mimi mwenyewe Novemba. Nikamrudisha shimoni taratibu, kichwa mbele, kama anavyorudishwa mtoto kitandani.

Mercy akasema, "Na ona ndevu. Ndio maana chef anampenda huyu jamaa wake, mimi sijawahi kumwona, anakujanga kabla niingie kazi. Tangu November analeta hivi, zote mbili mbili, hakuna hata moja imevunjika."

Hapo nikakaa juu ya gunia la viazi.

Ndevu zote mbili. Nzai hajawahi kutoa kamba kumi na mmoja wazima maishani mwake, pumzi moja haimpi mtu nafasi hiyo. Huyu aliyewatoa alikuwa na hewa mgongoni na hakuwa na haraka. Mkono mmoja mbele, mwingine kwa juu, nyuma ya pembe. Huku kwetu ni watu wawili tu wanaovua hivyo. Na mimi nilikuwa nimekaa juu ya gunia la viazi.

Nikaenda moja kwa moja chumba cha kujazia mitungi. Swabir alikuwa peke yake, mashine inanguruma. Aliponiona akaizima.

"Nimetoka jikoni kwa kina Mercy," nikasema.

Hakuniuliza kuna nini jikoni. Laiti angeuliza! Akachukua kitambaa akajifuta mikono, kidole kimoja kimoja.

"Tangu lini?"

"Novemba mwisho. Alfajiri, kabla duka la mitungi halijafunguliwa."

"Na yule jike? Ulichukua brashi, Swabir, ukamkwangua?"

Akatazama chini. "Hoteli haimpokei na mayai."

Nilitaka kumpiga. Naandika kweli, niliangalia chuma kilichokuwa karibu. Badala yake nikaanza kulia, na hilo limenikasirisha zaidi. Akaniambia anataka chombo chake mwenyewe, amechoka kujaza hewa ya watu, kwamba mwezi huu ndio ungekuwa wa mwisho. Kila mtu ana mwezi wake wa mwisho.

"Na Nzai?" nikamwuliza. "Ulisimama pale ukamtazama mtu mzima akivuliwa miwani yake mbele ya mkewe."

"Mimi sikumtaja Nzai," akasema, tena kwa upole ule ule. "Wewe ndiye uliyemtaja. Nimeulizwa kama nimemwona karibu na maboya, nikasema nimemwona, na ni kweli nilimwona. Wewe ndiye uliyeapa, Warda."

Nikageukia mlangoni.

"Utanisitiri," akasema. Hakuwa ananiomba. "Siku zote nilijua hata ukija kujua, utanisitiri. Tumenyonya ziwa moja."

Ijumaa, 7 Februari

Mama amepakua sahani. Nikamwambia siendi. Akaniuliza kulikoni, nikamweleza yote, tangu chale mpaka brashi. Alikuwa ameshika upawa. Akakaa kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, leso yake mpya begani, leso ya kamba wangu.

"Mwite kando umseme," akasema mwishowe. "Mtie adabu, mimi mwenyewe nitamtia adabu. Lakini usimwanike mbele ya watu. Mwislamu humsitiri mwenzake, sembuse ndugu."

"Na Nzai nani alimsitiri, mama?"

"Nzai arudishiwe vitu vyake, mambo yaishe."

"Yaishe vipi? Watu wote wanamjua kuwa mwizi. Kwa kiapo changu."

Akainuka akaibeba sahani mwenyewe, na magoti yake yale, akatoka.

Jumatano, 12 Februari

Nimeshuka peke yangu, jambo ambalo mimi humkataza kila mgeni. Shimo kubwa: sita. Mashimo madogo hayana kitu.

Jumamosi, 15 Februari

Maji yalitoka saa nne na nusu, mwamba ukawa wazi mpaka mbali. Wanawake walikuja na vijiti vyao na ndoo tupu, wengine wamevaa vizuri kama wanakwenda arusini. Miaka mitatu! Wavuvi wakazama pale kwenye kina, wakatoka. Mmoja na kamba wawili, mwingine mmoja, mwingine mikono mitupu. Jumla sita. Nilikuwa naijua idadi, lakini kuisikia ikitajwa na Mzee Abdulrahman ni jambo jingine.

Watu wakaanza kunigeukia. Swabir alikuwa amesimama nyuma ya mashua, mikono kifuani. Mama alikuwa miongoni mwa wanawake. Akanitikisia kichwa mara moja, kidogo sana, kunikataza.

Nikasema. Sikupanga maneno, yalitoka kama yalivyotaka. Nikasema shimo kubwa peke yake lilikuwa na kamba arobaini na mmoja, nikasema walikokwenda, na nani aliwapeleka, na ni nani aliyemfundisha kuwashika. Nikasema kwamba Desemba niliapa uongo, nikimsingizia mtu ambaye hakuingia ndani ya maboya. Nikamtaja Swabir kwa jina lake na la baba yake, Mbwana, ili asije akasingiziwa Swabir mwingine.

Hakukana. Akanijia mpaka karibu, macho mekundu, nami nilidhani ataniomba radhi. "Umeniuza," akasema. "Mimi nilichukua kamba. Wewe umeniuza mimi." Akapita katikati ya wanawake akaondoka, na walimpisha.

Ajabu yake ni kwamba aliumia kweli. Nilimwona. Alinipokonya miaka mitatu na jina langu, na bado yeye ndiye aliyekuwa analia.

Bi Mwanapili akaniuliza kitu kimoja tu. "Nzai umemwambia?"

"Bado."

"Kwa hiyo sisi sote tumesikia, na yeye bado." Akachukua kijiti chake akaelekea mwambani kutafuta pweza, asinigeukie tena. Alasiri wanaume walikata kamba ya maboya. Hapakuwa na haja ya kupiga kura.

Jumatatu, 17 Februari

Swabir amehamia kijiji cha Shimoni. Mama hasemi na mimi ila "karibu chakula."

Ijumaa, 21 Februari

Hakuna sahani.

Ijumaa, 28 Februari

Leo tumevunja jungu, Ramadhani imefika mlangoni. Mama amepika pilau. Alipomaliza kupakua yetu akachukua sahani ile ile, akaijaza, akaweka na kachumbari pembeni, akaifunika kwa kawa. Akaiweka mbele yangu. Hakusema ni ya nani. Nadhani mkono wake ulifanya tu ulivyozoea.

Nikaichukua nikaenda kwa Nzai. Nyumba ya tatu tu kutoka kwetu, na tangu Desemba sikuwa nimepita njia ile.

Alikuwa barazani na miwani yake, kamati imemrudishia. Mpira wake ulikuwa umekauka ukakatika kwa kukaa kabatini, naye alikuwa akiufunga kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli. Nikapiga magoti, sahani mkononi, nikamwambia nimekuja kuomba radhi. Si kwa ajili ya Ramadhani, yeye si wa dini yetu. Ni kwa ajili yake.

Akaendelea kufunga fundo mpaka likakaza.

"Siku ile mlipokuja," akasema, "ndoo yangu ilikuwa pale mlangoni. Mle ndani mlikuwa na kamba wanne wa asubuhi ile. Ndevu moja, ndevu moja, hana, ndevu moja, na mikia yao haina chale yenu hata mmoja. Wewe ndiye mtu wa hapa anayejua maana yake kuliko wote. Nikasema moyoni, sina haja ya kubishana, Warda atachungulia ndoo. Nikangoja uchungulie."

Sikuwa nimechungulia. Nilikuwa na hesabu.

Kadzo akatoka, akaipokea sahani kwa mikono miwili. "Ahsante, tumepokea," akasema, akaingia ndani.

Ameirudisha jioni hii, jua halijatua. Alibisha hodi, akampa mama mkononi, akamtakia mfungo mwema, akaenda zake. Mama akafunua kawa.

Ilikuwa imeoshwa safi, na ndani hamkuwa na kitu. Hata kipande cha muhogo. Mama aliiangalia, akaniangalia mimi, akaipangusa kwa leso ingawa ilikuwa kavu, akairudisha kabatini pamoja na nyingine.